Kadi za Allen & Ginter: Annie Oakley au wasichana wa besiboli?

Kampuni ya sigara ya Allen & Ginter, ya Richmond, Virginia, ilitia kadi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, na picha zake zikawa tangazo. Mkusanyaji anayetafuta wanawake wa michezo katika kadi za kampuni hiyo za miaka ya 1880 hukutana na njia mbili.

Ya kwanza ni kadi ya Annie Oakley, katika seti ya mabingwa 50 wa dunia ya mwaka 1887. Imechapwa kwa rangi, jina lake limeandikwa mbele, na nyuma kuna orodha ya mabingwa wote. Mzaliwa huyu wa Ohio alikuwa mlenga shabaha kwelikweli, tena yumo seti moja na Buffalo Bill, mwenye maonyesho ya upandaji farasi na ulengaji shabaha ambayo Oakley alijiunga nayo mwaka 1885. Alihesabiwa kwa ustadi wake, na hilo kwangu lina uzito mkubwa.

Ya pili ni picha za wasichana wa besiboli zilizotolewa na sigara za Virginia Brights, chapa ya kampuni hiyohiyo. Hizi ni fotografia zilizopigwa studio. Waliovaa sare ni wanamitindo, si wachezaji, na majina yao hayakuandikwa. Zinavutia, lakini zinatufundisha zaidi kuhusu wanaume waliolengwa kuuziwa sigara.

Mimi ningechukua Oakley, hata kama fedha ingetosha kadi moja tu. Kagua tarehe kabla ya kulipa: tangu 2006 Topps, kampuni ya Marekani ya kadi za michezo, inatoa kadi mpya kwa jina la Allen & Ginter, zenye sura ya zile za kale.