Chupa iliyogandishwa: uzoefu wangu na wauza vifaa vya maabara

Nilijiambia nisiandike mpaka hasira ishuke. Haijashuka, naandika hivyo hivyo.

Natoa lektini, protini inayoshika sukari, kwenye maharage mekundu: ile iitwayo PHA, inayozifanya limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) zigawanyike. Maharage yenyewe hayasumbui: naloweka, nasaga, nachuja, naweka salfeti ya amonia mpaka protini ijitenge, kisha usiku kucha kwenye mfuko wa dayalisisi, unaoiachia chumvi itoke na protini ibaki, ndani ya friji. Baada ya hapo kazi yote inategemea jeli moja, punje za agarosi zilizounganishwa na thairoglobulini ya nguruwe, protini ya tezi iliyobeba sukari. PHA hushika sukari za thairoglobulini. Protini nyingine hupita zake.

Chupa imeandikwa wazi: isigandishwe. Wao wakaiweka kwenye friza! Nafungua boksi, barafu bado imeng'ang'ania shingoni. Barafu huzipasua punje za agarosi. Kolamu, bomba ninalojaza jeli hiyo, ikaziba kwa vumbi lake: tone, kimya kirefu, tone. PHA hushikamanisha chembe nyekundu za damu, ndivyo ninavyoipima. Nilichovuna hakikushikamanisha chembe nyekundu za damu ya sungura hata kwenye kitundu cha kwanza cha sahani. Yale maji yaliyopita bila kunaswa ndiyo yaliyozishikamanisha, kitundu hadi kitundu. PHA yangu yote ilikuwa imepita humo.

Nikapiga simu. Kaka aliyepokea akaniuliza, "Dada, mbona unalilia maharage?" Akakata. Sikulilia maharage. Nililia pesa ya utafiti ambayo niliiomba kwa miezi, na damu ya sungura ambayo siipati kila wiki.

Nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na msinunue kwao kamwe. Lakini wiki kadhaa baadaye mama mmoja wa stoo yao aliniletea chupa nyingine mwenyewe, ndani ya kibebeo chenye barafu pembeni, chupa imezungushiwa taulo isiguse barafu. Hakunidai senti. Na jeli hiyo, jamani, ilinasa! Siku ya tatu baada ya kuzipa PHA hiyo, chini ya hadubini, limfosaiti zilikuwa zimevimba, nyingine zinagawanyika. Kabla mtafiti Peter Nowell hajaliona hilo mwaka 1960, wengi waliamini seli hizo zimefika mwisho, hazigawanyiki tena. Nilimwita kila mtu aje aone.

Basi nyota nne? Kwa jeli na yule mama, hata tano. Ila nikikumbuka ile simu narudi kwenye mbili. Nitanunua tena kwao, sina pengine pa kuipata haraka, lakini nitakwenda na kibebeo changu na kufungua boksi pale pale kaunta kabla sijalipa.