Seti ya bisibisi ya elfu thelathini na laptopu za nyumbani: uzoefu wangu

Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 30,000. Ni kiboksi cha plastiki chenye mpini mmoja, vichwa vya kubadilisha vimejipanga safu kwa safu, vibanzi vya plastiki vya kubandulia mfuniko, kibano na kile kikombe cha mpira cha kunyonya kioo. Muuzaji atakusifia wingi wa vichwa. Achana naye. Kwa laptopu utatumia vitatu au vinne tu: nyota namba 0, nyota namba 00, Torx T5 (yenye ncha sita) kwa baadhi ya modeli, na P5 ile ya petali tano kama nyumbani kuna MacBook. Vingine vyote vinasubiri kutu.

Nianze na kasoro. Kichwa cha namba 00 kilikuwa chuma laini. Skrubu za laptopu nyingi zinatoka kiwandani zimepakwa gundi kidogo ya bluu ili zisilegee, na hiyo namba 00 ilivyokutana na skrubu ya namna hiyo ikaanza kulika ncha. Ikishalika, inakula na kichwa cha skrubu, na hapo ndipo kazi ndogo inapogeuka kuwa msiba. Nikaongeza bisibisi moja ya nyota iliyo bora, peke yake, na tangu hapo kiboksi chenyewe nakithamini zaidi kwa vibanzi na kwa sumaku ya mpini. Vibanzi vya plastiki ni vya lazima. Ukibandua mfuniko kwa kisu cha jikoni utaacha makovu pembeni, na huenda ukakata waya bila kujua.

Lakini niseme ukweli: kazi nyingi nilizofanya tangu niwe na kiboksi hiki hazikuhitaji bisibisi. Shemeji yangu alikuja na laptopu isiyowaka kabisa, hata taa ya chaji haionekani. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia, "Bosi, hii bodi imekufa," na bei ya bodi akaitaja palepale. Nikachomoa chaji, nikatoa betri (yake ni ya kuchomoa kwa nyuma), nikashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, nikarudisha chaji peke yake. Ikawaka. Ndani ya laptopu kuna chipu ndogo inayosimamia umeme, na ikiganda, mashine nzima inakuwa kama maiti. Kuondoa umeme wote na kukamua ule uliobaki kwenye saketi kunaiamsha. Kama betri yako imefungiwa ndani, shikilia kitufe hivyohivyo bila chaji. Modeli nyingine zina kitundu kidogo chini cha kubonyezwa kwa pini.

Kioo cheusi nacho kina vipimo vyake vya bure. Chomeka laptopu kwenye TV kwa waya wa HDMI. TV ikionyesha picha, bodi kwa sehemu kubwa ni nzima na huenda shida iko kwenye kioo au waya wake. Halafu zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeinamisha kidogo. Ukiona maandishi kwa mbali, kama kivuli, basi kioo kinafanya kazi ila taa yake ya nyuma haiwaki. Kujua hili tu kabla ya kwenda kwa fundi kunabadilisha mazungumzo yote ya bei.

Sasa joto, maana hapa ndipo kiboksi kilipolipa gharama yake. Laptopu yangu ni mtumba wa inchi 14, wa ofisini huko Ulaya, na ilikuwa inanguruma kama jenereta kila nikifungua video, kisha inapunguza kasi, kisha inajizima. Niliweka programu ya bure ya HWiNFO nisome joto la prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta: nyuzi 97. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Yaani ule uzito niliodhani ni wa Windows ulikuwa wa joto.

Kabla ya kufungua nilitafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yangu. Lenovo, Dell na HP wanaitoa miongozo hii bure kwenye tovuti zao, na tovuti ya iFixit ina maelekezo ya picha kwa modeli nyingi. Huko utaona skrubu zipi ni ndefu na zipi fupi, na hilo si dogo: skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa mpaka kwenye bodi. Mimi nachora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu inakaa mahali pake juu ya mchoro.

Kitu cha kwanza baada ya mfuniko kutoka ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Si cha pili, si baada ya kuangalia angalia. Kisha feni. Ukiitazama kwa juu utasema ni safi, vumbi kidogo tu kwenye mapanga. Uchafu wenyewe umejificha kati ya feni na zile mbavu za shaba ambako hewa inatokea. Yangu ilikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa cha sufu. Nililitoa kwa kibano likaja zima, na umbo la mbavu limebaki limechorwa juu yake. Hakuna hewa ingepita pale. Ukipuliza kwa blowa, zuia mapanga kwa kidole, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi inaharibu beringi.

Halafu bomba la joto, lile la shaba linalotoa joto kwenye prosesa kulipeleka kwenye mbavu. Skrubu zake kwa kawaida zimeandikiwa namba pembeni, 1 mpaka 4. Unalegeza kwa kurudi nyuma kuanzia 4, kila moja kidogo kidogo, na kukaza unaanzia 1, ili shinikizo lisiegemee upande mmoja wa chipu. Peisti ya zamani, ile inayopakwa kati ya chipu na bomba ili joto lipite, ilikuwa imekauka kama chokaa, inabanduka vipande. Niliifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi mpaka chipu ikawa inang'aa, nikaweka tone la Arctic MX-4 kubwa kama punje ya mchele katikati, basi. Ukijaza peisti kama unapaka siagi, inamwagika pembeni bila faida yoyote. Nilipofunga na kurudia video ileile, joto likawa linacheza nyuzi 76 hadi 79, na feni kwa mara ya kwanza ilikuwa haisikiki.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya binti wa kaka yangu, yuko chuo. Laptopu yake ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai ndipo ifunguke. Ilikuwa imeshapigwa Windows upya na watu tofauti, na kila mara inarudi kulekule. (Huu ugonjwa wa mafundi wetu kupiga Windows kwa kila tatizo sijui uliletwa na nani.) Nikaipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikatoa rangi ya njano na sekta zenye shida, yaani vipande vya diski visivyosomeka vizuri. Diski yake ya kuzunguka (hard disk) ilikuwa inakufa, na hakuna Windows itakayotibu hilo. Nilinakili kwanza kazi zake za chuo kwenye diski ya nje, kabla ya jaribio lingine lolote, kisha tukaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya aina ya SATA ya GB 256. Hard disk ya laptopu husoma kama MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika kama 500, na kwa faili ndogondogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. "Ba' mdogo, umeibadilisha mashine?" ndilo swali alilouliza.

Betri zipime kabla ya kununua nyingine. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, utapata ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wa sasa. Ikibaki chini ya nusu, ibadilishe. Ila ukiona padi ya kugusia imeinuka au mfuniko haufungi vizuri, betri imevimba: usiitumie, usiichaji, usiibonyeze, na usiitoboe kwa kitu chochote, maana betri ya lithiamu ikitoboka inaweza kuwaka moto.

Kuna kazi nisizozigusa. Tundu la chaji lililounganishwa kwa risasi kwenye bodi linataka mkono wa fundi mwenye mashine ya hewa ya moto na uzoefu. Laptopu iliyomwagikiwa chai au soda, mimi nazima palepale, nachomoa kila kitu, nageuza kibodi itazame chini, kisha napeleka kwa fundi nimwombe aioshe bodi. Hadithi ya kuizika kwenye mchele haisaidii, mabaki ya soda yanakaa ndani yanakula shaba.

Kwa seti yenyewe natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Peisti niliipata kwa elfu kumi na tano, na sirinji moja inatosha laptopu kadhaa. Ukiweza kupata seti yenye vichwa vichache vya chuma kigumu kwa bei hiyohiyo, chukua hiyo. Na kabla hujalipa, jaribu namba 00 kwenye skrubu yoyote ngumu pale pale dukani.