Askari Ambaye Hakuwahi Kuwa Askari: Uhakiki wa Kitabu cha Katuni cha Kick-Ass

Naanza kwa kumtaka radhi msomaji ambaye bado hajakisoma kitabu hiki, kwa kuwa haiwezekani kukihakiki kwa haki bila kufichua siri ambayo watunzi wake waliificha hadi kurasa za mwishomwisho. Anayetaka kukutana nayo mwenyewe akisome kwanza, kisha arudi hapa. Kwangu mimi siri hiyo ndiyo kitabu chenyewe, na mengine yote, hata jina lililo kwenye jalada, ni njia ya kutufikisha kwake.

Kick-Ass kilianza kuchapishwa mwaka 2008 kwa matoleo ya mfululizo chini ya Icon, tawi la kampuni ya Marvel lililowaachia watunzi umiliki wa kazi zao, na kilikamilika kwa toleo la 8 mwanzoni mwa 2010. Hadithi iliandikwa na Mark Millar, ambaye ni Mskoti, na kuchorwa na John Romita Jr., mzaliwa wa New York ambaye mitaa ya mji huo anaichora kama mtu anayechora uani kwao. Wino ni wa Tom Palmer na rangi ni za Dean White. Nakala niliyo nayo inaunganisha matoleo yote 8 katika jalada moja, na ndivyo ninavyoshauri kisomwe, kwa sababu uongo uliomo ndani yake unahitaji kumezwa mzima mzima kabla haujamkwama msomaji kooni.

Kuhusu kijana Dave Lizewski, ambaye ndiye Kick-Ass mwenyewe, nitapita haraka. Ni mwanafunzi wa sekondari anayependa katuni, hana nguvu za ajabu wala kisasi cha kulipiza. Ananunua suti ya kupigia mbizi mtandaoni, anatoka kwenda kupambana na wahuni, na katika jaribio lake la kwanza anachomwa kisu kisha anagongwa na gari. Akishapona anarudi barabarani, watu wanamrekodi kwa simu akipigana, na ghafla anakuwa gumzo la intaneti. Jambo moja tu katika maisha yake msomaji aliweke akilini. Mama yake Dave alikufa kwa mshipa uliopasuka kichwani, si kwa risasi ya jambazi, na kifo hicho hakikumfanya mtu yeyote kuwa shujaa.

Big Daddy anaingia kwa namna nyingine kabisa. Yeye na binti yake Mindy, mtoto wa miaka 10 anayejiita Hit-Girl, hawatoki kwenda kutishia wala kukamata, bali kuua, na wanaua kwa panga na kwa bastola, bila onyo na bila majuto, huku wakiliwinda genge la bosi wa mafia aitwaye John Genovese. Tunaelezwa kwamba alikuwa askari polisi mwadilifu, kwamba alikataa kuhongwa, kwamba mafia walimuua mkewe ili kumkomesha, na kwamba alikimbia na mtoto wake mchanga akaenda kumlea mafichoni kwa mazoezi ya silaha. Kwa Kiswahili mtu wa namna hii tunasema amejichukulia sheria mkononi, na kwa kawaida maneno hayo tunayatamka kwa kulaani. Nakiri kwamba nilipozisoma kurasa hizo kwa mara ya kwanza sikulaani chochote. Nilimhurumia mjane, nikamheshimu askari aliyekataa rushwa, na kila mtu aliyeanguka mbele ya panga la binti yake nilimhesabu kuwa ni deni lililolipwa.

Hadithi hiyo Millar hakuibuni, na hakutaka tufikiri ameibuni. Kwa sehemu kubwa ni ya Punisher, yule muuaji aliyetokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 129 la The Amazing Spider-Man, Februari 1974, mwanajeshi wa zamani ambaye mke na watoto wake waliuawa na majambazi. Punisher alibuniwa na Gerry Conway, lakini aliyelitengeneza vazi lake, kwa kulikuza fuvu dogo la kifuani hadi likatanda kiwiliwili chote, ni John Romita mkubwa, baba wa mchoraji wa kitabu hiki. Mwana naye alimchora Punisher huyo huyo mwaka 1992 katika Punisher: War Zone. Kwa hiyo mkono unaomchora Big Daddy unamjua muuaji wa aina hii kwa urithi na kwa kazi: unajua mabega yake yakae vipi, uzito wa mwili wake utue wapi, mistari mifupi ya wino ichanjwe namna gani usoni ili uchovu usomeke kama uadilifu. Romita anauchora uongo kwa heshima ile ile ambayo angeuchora ukweli, na hapo ndipo ninapomwona kuwa fundi kweli kweli.

Kisha unakuja usaliti. Kijana anayejiita Red Mist, aliyejitia kuwa shujaa mwenzao, kumbe ni mtoto wa Genovese mwenyewe, na anawauza. Big Daddy anapigwa na kufungwa. Mkoba wake wa siku zote, ambao msomaji amekuwa akijiuliza una nini, hauna silaha wala fedha ndani yake. Una majarida ya zamani ya katuni, ambayo alikuwa akiyauza kidogo kidogo kwenye eBay ili kugharamia vita vyake. Ndipo anapokiri. Hajawahi kuwa askari polisi hata siku moja. Alikuwa mhasibu, mwenye kazi iliyomchosha na ndoa iliyomchosha zaidi, mpenzi mkubwa wa katuni, ambaye alimchukua mtoto wake na kuondoka naye ili wote wawili wapate maisha yenye msisimko. Mke hakuuawa. Mafia walichaguliwa kwa kuwa shujaa hakosi adui. Muda mfupi baadaye anapigwa risasi ya kichwa, bila kupata nafasi ya kuyasema hayo mbele ya binti yake.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, kisha nikakifungua tena pale Hit-Girl anapotokea kwa mara ya kwanza, nikazisoma upya kurasa zile za chumba kilichojaa maiti. Hakuna mstari uliobadilika. Damu ni ile ile, panga ni lile lile, na mtoto ni yule yule, isipokuwa sasa mimi sikuwa tena na cha kujitetea. Beji moja na kaburi moja, vyote viwili vya kubuni, vilitosha kunifanya nikubali kwamba baba amfundishe mtoto wa miaka 10 kuchinja watu, na kitabu kilinifikisha hapo bila kunishika mkono. Nimesoma katuni nyingi zinazomhoji mtu anayeua kwa jina la haki, na karibu zote zinamhoji yeye. Hiki kilimhoji msomaji, nami sikuwa na jibu.

Ndiyo maana filamu ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Matthew Vaughn, inanisikitisha kila ninapoitazama, ingawa imetengenezwa vizuri. Mswada wake, ambao Vaughn aliuandika pamoja na Jane Goldman, ulitungwa wakati katuni yenyewe haijakamilika, na njia zao zikaachana hapo hapo kwenye mambo ya msingi. Big Daddy wa filamu, aliyeigizwa na Nicolas Cage, ni askari wa kweli, aliyebambikiwa kesi ya dawa za kulevya, akafungwa, na mkewe akafa yeye akiwa gerezani. Cage anamwigiza kwa upole unaotisha. Pale anapomvisha binti yake fulana ya kuzuia risasi na kumfyatulia kifuani ili azoee kishindo, sauti yake ni ya baba anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli. Lakini maisha yake ya nyuma yanasimuliwa kwa michoro, na michoro hiyo ni ya Romita yule yule, aliyeuchora upolisi huo kama uongo kitabuni na sasa anauchora kama ukweli. Sinema iliwahi kufanya hivyo kabla: filamu ya Punisher ya mwaka 1989 nayo ilimvua mhusika wake uanajeshi ikamfanya askari polisi wa zamani. Inaelekea watazamaji hatutaki kumwona muuaji wetu mpaka aonyeshe kitambulisho, nayo filamu inatupatia.

Kitabu kina kasoro, na nyingine si ndogo. Ungamo la Big Daddy limepewa kurasa chache mno. Pigo zito kama hilo lilistahili toleo zima, ila Millar ana haraka ya kufika kwenye vita vya mwisho, na katika vita hivyo anatutaka tushangilie tena kama kwamba hatujajifunza kitu. Katie, msichana ambaye Dave anamtamani, ameandikwa kwa dharau isiyo na sababu, na matusi yamerundikwa hadi yanapoteza makali. Mtu atakayesema kwamba kitabu kinafaidi ukatili ule ule kinaoulaumu, sitabishana naye.

Hata hivyo nakishauri kwa nguvu kwa mtu mzima anayesoma Kiingereza cha mitaani bila shida, na nasisitiza mtu mzima, kwa sababu mzazi akiona michoro na rangi anaweza kudhani ni kitabu cha watoto, na sicho kabisa. Tangu mwaka 2018 hadithi za Dave zimechapishwa upya na kampuni ya Image, kwa hiyo asiyepata toleo la zamani asikate tamaa.

Atakayekinunua nampa ombi moja: asipite mbio kwenye kurasa za mwisho, baada ya milio ya risasi kunyamaza. Mindy anarudishwa kwa mama yake, mwanamke ambaye mimi nilikuwa nimekwisha kumzika kwa kuamini maneno ya mumewe, na ambaye muda wote huo alikuwa hai, bila mtoto wake. Katika vitabu vinavyofuata mama huyo ana mume mwingine, jina lake Marcus, naye ni askari polisi kweli, anayemtaka binti huyo amwahidi kwamba hatatoka tena usiku na barakoa.