Ditekta yao ni nzuri, lakini msiwapelekee kitu mlichookota

Ningependa kusema mapema, ili nisionekane mtu wa kuchukia kila kitu, kwamba ditekta, yaani mashine ya kutafutia madini yaliyofukiwa ardhini, niliyoikodi katika duka moja la vifaa vya uchimbaji hapa Mbeya mjini ilifanya kazi yake vizuri na sina neno juu yake. Anayetaka kujua sifa za mashine atazisoma kwenye kasha. Kinachonifanya niandike ni huduma ya pili ya duka hilohilo, ile waliyoiandika mlangoni kwa herufi kubwa kuwa ni utambuzi wa vitu vya kale na madini ya aina zote, ambayo niliilipia shilingi elfu thelathini na kurudishiwa kitu changu kikiwa kimesagwa.

Kitu chenyewe kilitoka katika eneo la leseni yangu ndogo huko Chunya, upande wa Makongolosi, wakati wa kiangazi. Tulikuwa tunapita pembeni ya marudio ya zamani, yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kupondwa na kutolewa dhahabu, yale ambayo hakuna mzee kijijini anayekumbuka aliyeyaacha, ditekta ikalia kwa nguvu isiyo ya kawaida. Vijana walichimba hadi usawa wa goti wakatoa kipande cha chuma cha mviringo, kizito cha kubebwa kwa mikono miwili, chenye umbo la mchi mfupi mnene: upande mmoja bapa, upande wa pili shingo inayopungua unene kadiri inavyopanda. Uso wake bapa ulikuwa umelika na kulainika, tena umelika kwa kuegemea upande mmoja. Shingoni kulikuwa na herufi zilizoinuka, za kusubu, yaani zilizomiminwa pamoja na chuma chenyewe, mbili zikisomeka waziwazi na nyingine zikiwa bado chini ya kutu. Kijana mmoja alisema ni bomu la vita vya Mjerumani na Mwingereza, na shaka ya namna hiyo si ya kuchekwa, kwa maana anayedhani amekuta bomu anapaswa kuliacha lilipo na kuita polisi. Ila hiki hakikuwa na tundu la fyuzi wala mkanda wa shaba ambao hufungwa kiunoni mwa kombora la mzinga, na mahali pote kilikuwa chuma kitupu. Nikakifunga kwenye gunia nikakipeleka mjini.

Nilipofika nilisalimia, na kijana aliyekuwa mezani hakuitikia. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya kitu bali juu ya mahali: nimekitoa wapi, kina gani, na kama kuna vingine. Nilipomwambia kwamba ni Chunya akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu na kutamka kuwa hiyo ni mali ya Mjerumani, kizibo cha mtungi wa rupia, na kwamba mtungi wenyewe lazima uko chini zaidi. Nikamuuliza kwa adabu amejuaje, na kama hataanza kwa kusafisha zile herufi za shingoni. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Mama, wewe kaponde mawe, mambo ya kale tuachie sisi." Kisha akakibeba nyuma ya pazia bila kuniomba ruhusa, na kabla sijasimama vizuri nikasikia grenda ikilia.

Aliporudi, shingo ilikuwa inang'aa kama bati jipya na herufi zimekwisha. Alieleza kuwa ilibidi aone rangi ya ndani, isije ikawa dhahabu iliyopakwa chuma.

Naomba msomaji asimame hapo pamoja nami. Juu ya meza yake, karibu na kitabu cha risiti, kulikuwa na sumaku ambayo hutumia kuwaonyesha wateja namna ya kutoa mchanga mweusi kwenye karai, na sumaku hunasa chuma lakini hainasi dhahabu, wala shaba, wala risasi. Kama hakuiamini sumaku, alikuwa na mizani na ndoo ya maji: kitu hupimwa uzito kikiwa hewani, kisha kikiwa kimening'inizwa majini, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayogawanya uzito wa kwanza ili kupata uzito mahususi, yaani kitu ni kizito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule, ambao kwa chuma cha kusubu ni kama 7 na kwa dhahabu ni zaidi ya 19. Ni hesabu ya darasani, haimwagi hata chembe. Na kama alikuwa na hamu kubwa ya kuona cheche, kwa kuwa ni kweli kwamba mafundi hutofautisha vyuma kwa cheche, na chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia, basi angeligusisha diski kidogo tu ukingoni mwa uso uliokwisha kulika, asingepitisha grenda mahali pekee palipokuwa na maandishi.

Habari ya Mjerumani nayo haikusimama hata dakika moja. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo zipo kweli, ziligongwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, lakini hilo halifanyi kila chuma chenye kutu kuwa kizibo cha mtungi wake. Uchimbaji wa dhahabu ya mitoni katika Lupa, eneo la dhahabu la hukohuko Chunya, ulianza mwaka 1922, wakati Mjerumani amekwisha kuondoka, watafutaji wakamiminika katika miaka ya 1930, na hata mji huu wa Mbeya ambamo duka lao limesimama ulianzishwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu hiyohiyo. Nilipomweleza hayo, alihama bila haya kutoka kwa Mjerumani hadi kwenye zebaki nyekundu, kitu ambacho kimewafilisi watu wengi na ambacho hakuna maabara iliyowahi kuthibitisha kuwa kipo. Akashusha sauti na kuniambia kwamba atanipa laki mbili nikimwachia, mradi nimwonyeshe shimo na nisimwambie mtu.

Pesa niliyolipa sikurudishiwa. Nilipokiomba kitu changu alikisukuma mezani kwa kiganja akaendelea na simu yake.

Utambuzi wa kweli niliupata Makongolosi kwa mzee mmoja fundi mitambo mstaafu, ambaye sasa huchomea magurudumu ya mikokoteni chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia, akakigeuza kile chuma na kupitisha kidole gumba juu ya uso uliolika, kisha akauliza kama palikuwa na marudio karibu. Nilipokubali, akasema papo hapo kwamba kilikuwa kinaponda mwamba. Akanichorea ardhini kinu cha zamani cha kupondea mawe ya dhahabu: nguzo nzito za chuma, kwa kawaida tano katika sanduku moja, zilizoinuliwa na vidole vya mhimili unaozunguka na kuachiwa zianguke kwa uzito wake, kila moja mara 90 au 100 kwa dakika. Chini ya kila nguzo hufungwa kipande kama changu, shingo yake ikiingizwa katika tundu la kichwa cha nguzo na kukazwa kwa vipande vya mbao, na chini yake hukaa kipande kingine bapa cha kupokea pigo. Maji hupitisha unga wa mwamba katika chujio, kisha juu ya sahani za shaba zilizopakwa zebaki, na dhahabu hunaswa hapo. Kipande kikilika hung'olewa, hutupwa na kubadilishwa, ndiyo maana hupatikana karibu na marudio, na kulika kwake upande mmoja kunaonyesha kuwa nguzo haikuwa ikizunguka vizuri ilipoinuliwa. Kwa maneno mengine, ni mjomba wa karasha na bolimili, mashine zetu za leo za kuponda na kusaga mawe.

Kisha akauliza herufi ziko wapi, maana viwanda vya kusubu vilikuwa na desturi ya kuacha alama zao, na kwa alama hiyo tungeweza kujua kilitengenezwa wapi. Nikamwonyesha palipong'aa. Mzee hakutaka hata shilingi mia.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa alama nzuri kwa ditekta na alama mbaya kwa utambuzi, kwa kuamini kuwa kijana yule hajui tu kazi yake na angefundishika. Sasa nikiyapanga mambo kwa mpangilio wake, swali lake la kwanza juu ya shimo, kisingizio cha dhahabu iliyopakwa chuma, laki mbili na ombi la siri, naiondoa nia hiyo, kwa sababu mtu asiyejua kitu hatoi laki mbili kwa ajili yake. Pia hakuniuliza hata mara moja kama nina leseni, ilhali Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, na duka lenye tangazo la namna ile mlangoni lilipaswa kuwa la kwanza kuwakumbusha wateja. Kwa hiyo duka zima nalipatia alama sifuri, ditekta ikiwemo.

Pamoja na hayo, mashine yenye kusikia kina kile sijaiona kwa mkodishaji mwingine hapa karibu, na marudio yale bado yana upande ambao hatujaupitia. Mwezi ujao nitamtuma mpwa wangu akaikodi kwa jina lake, na chochote kitakachotoka ardhini kitakwenda moja kwa moja chini ya mwembe.