RTL-SDR Blog V3 ukiwa Mbeya mjini: kinapokea vizuri, ila kinazidiwa upesi

Kwa bei yake, hiki kidude cha kuchomeka USB, kinachoigeuza kompyuta kuwa redio, hakina mshindani: kinapokea kuanzia 500 kHz hadi 1,766 MHz. Tatizo ni kwamba kinachobadilisha mawimbi kuwa namba ni cha biti 8 tu. Kati ya wimbi dogo na kubwa kina nafasi ya desibeli 50 hivi, na minara ya FM ikiwa jirani, nafasi hiyo inajaa mara moja.

Utaijua hali hiyo ukiwafuata marubani wa uwanja wa ndege wa Songwe kwenye 118 hadi 137 MHz, halafu ukakuta bongofleva inacheza huku inakwaruza. Hapo hapana kituo. Mawimbi mawili makubwa yamechanganyikana ndani ya kipokezi yakazaa la tatu. Chukulia vituo vya 106.5 na 93.0: zidisha 106.5 kwa mbili, toa 93.0, unapata 120.0, katikati ya masafa ya ndege. Kuhakiki kama kituo ni cha kweli ni rahisi: shusha geini (kiwango cha kukuza mawimbi) desibeli 10. Kituo halisi kitashuka 10, cha bandia kitashuka karibu 30, na mara nyingi kinapotea kabisa.

Kwenye SDR#, programu ya kusikilizia kwenye kompyuta, zima "RTL AGC" na "Tuner AGC" zote mbili, maana hizo hujipangia geini zenyewe. Anza na geini 0, panda hatua moja moja. Wimbi unalolitaka likipanda kuliko kelele, endelea. Vikianza kupanda pamoja, rudi hatua moja. Wengi huiburuta hadi mwisho, 49.6, kisha wanalaumu antena.

Geini ikishuka hadi ndege nazo hazisikiki, nunua kichujio cha kuzuia FM, 88 hadi 108 MHz. Kifunge kati ya antena na kipokezi. Kama unatumia kikuza mawimbi, kichujio kitangulie, la sivyo kikuza chenyewe ndicho kitakachozidiwa. (Kikuza bila kichujio hapa mjini ni kutupa hela.)

Chini ya 24 MHz mambo ni mengine, na hapa ndipo nakikata alama. Huko unaweka hali ya Q branch, ambapo mawimbi yanairuka tuna (sehemu inayochagua masafa), hivyo geini ya tuna haifanyi kazi, kwa hiyo dawa ni kufupisha waya wa antena au kuweka kipunguza mawimbi cha desibeli 10. Tena kituo cha 10 MHz hujitokeza upya kwenye 18.8, kwa sababu wimbi hupimwa mara milioni 28.8 kwa sekunde (28.8 MHz), na kituo hujirudia upande wa pili wa nusu yake, 14.4: 28.8 toa 10 ni 18.8. Kivuli hicho geini haikigusi. Kinataka kichujio cha kukata kila kilicho nje ya upande wa 14.4 unaousikiliza.

Kasha likiwa la moto, liache. Ndivyo lilivyoundwa kutoa joto.