Vitabu vya Picha vya Bustani na Viumbe Hai: Kipi Umnunulie Mtoto Kwanza

Kitabu cha picha kinachohusu mimea na wadudu kipimwe kwa jambo moja kabla ya mengine yote: mtoto akitoka nacho uani, ataweza kukilinganisha na kitu halisi? Mtoto wa Tanga anayesomewa kuhusu mche wa maharage anaweza kupanda maharage leo na kuukagua mchoro wiki ijayo. Akisomewa kuhusu maua yanayochomoza kwenye theluji, hana la kufanya ila kuamini. Kwa hiyo orodha hii haianzi na vitabu vyenye michoro ya kuvutia kuliko vyote, wala vya bei kubwa. Inaanza na vile ambavyo mtoto anaweza kuvihakiki mwenyewe.

1. Kitabu cha mmea mmoja, tangu mbegu hadi mbegu

Hiki ndicho cha kununua kwanza kwa mtoto wa miaka 4 hadi 7. Kinafuata mmea mmoja tu, hatua kwa hatua, kwa maneno machache. Tafuta maharage, kunde, mahindi, mchicha au alizeti. Maharage yanashinda yote: mbegu ni kubwa, mkono mdogo unaishika vizuri, na huchipua ndani ya siku 5 hadi 10. Mchicha una haraka zaidi, siku 3 hadi 7, na huvunwa baada ya wiki 3 au 4, ila mbegu yake ni ndogo mno kwa mtoto anayetaka kuona kinachotokea ndani. Karoti iepuke kwa kitabu cha kwanza. Huchukua wiki 2 hata 3 kuchipua, na udongo wa juu ukikauka katikati ya safari hiyo, miche hufa kabla haijaonekana. Mtoto atadhani amekosea yeye.

Ukiwa dukani, fungua ukurasa wa kuchipua na uutazame kwa makini, maana hapo ndipo mchoraji anapojulikana. Kwenye maharage, mzizi hutoka kwanza na kushuka. Kisha shina huchomoza likiwa limepinda kama ndoano, likivuta vipande viwili vinene vya mbegu hadi juu ya ardhi. Mahindi hayafanyi hivyo: punje hubaki udongoni, na kinachotokeza ni ncha moja ya jani lililojiviringa. Ukiona mche wa mahindi umechorwa ukiwa na vijani viwili vya mviringo, rudisha kitabu rafuni, kwani aliyekosea hapo hakuangalia shamba na kurasa nyingine nazo zina mashaka.

Karanga ni mtihani mkali zaidi. Ua huchanua juu ya ardhi, likishachavushwa kikonyo chake hurefuka kwenda chini na kuzama udongoni, na ganda hukua kwenye ncha ya kikonyo hicho. Michoro mingi huzining'iniza karanga kwenye mizizi, jambo ambalo si kweli. Angalia pia korosho: bibo liwe juu, korosho yenyewe ining'inie chini yake. Nanasi likae katikati ya majani karibu na ardhi, si kwenye tawi. Alizeti changa hulifuata jua, lakini kichwa kilichokomaa hutulia kikielekea mashariki.

Kitabu kiishie kwenye mbegu mpya. Vingi vinaishia kwenye sahani ya chakula, na mtoto hajui mbegu ya msimu ujao imetoka wapi.

Ukurasa wa maelekezo ya kupanda nao usomwe kabla ya kulipa. Maelekezo mazuri yana vipimo: maharage yafukiwe kina cha sentimeta 3 hivi, kopo litobolewe chini ili maji yatoke, mtoto aingize kidole udongoni hadi kiungo cha kwanza na amwagilie pakiwa pakavu tu. "Mwagilia kila siku" bila sharti lolote ndiyo sababu kubwa ya mbegu za watoto kuoza. Kama kitabu ni kizuri ila ukurasa huo haupo, jazia mwenyewe: viringisha karatasi laini ya chooni ndani ya glasi angavu, pachika mbegu 4 kati ya karatasi na kioo, tia maji sentimeta 1 chini. Mbegu isizame majini, kwa sababu inahitaji hewa. Mzizi utaonekana baada ya siku chache, na hapo mtoto na kitabu wakae pamoja mbele ya glasi.

2. Kitabu cha kutambua wadudu, ndege na miti

Kwa miaka 5 na kuendelea. Viumbe 15 hadi 30 vinatosha. Kitabu chenye 200 ni cha mtu mzima. Kwa umri huu mchoro mzuri unashinda picha ya kamera, kwa sababu picha huja na kivuli na majani yanayoficha, wakati mchoraji anaweza kuonyesha mguu na mdomo wazi.

Hesabu miguu. Mdudu ana miguu 6 na yote hutoka kifuani, si tumboni. Buibui ana 8. Nyuki ana mabawa 4, inzi ana 2. Ukurasa wa kipepeo nao una kosa lake la kawaida: kumwonyesha akitoka kwenye kifuko cha hariri. Wanaosokota hariri ni nondo wa aina nyingi. Kiwavi wa kipepeo kwa kawaida hugeuka pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, lenye ganda lisilofunikwa hariri, linaloning'inia kwenye jani au kijiti. Mtoto atakayekwenda kulitafuta kwenye mlimau anahitaji kujua anatafuta umbo gani.

Ukubwa uwe umeonyeshwa. Chozi, ndege mdogo, na kwarara, ndege mkubwa, wakichorwa sawa ukurasa mmoja bila sentimeta wala mkono wa kulinganishia, mtoto hatamtambua hata mmoja. Jina la kisayansi kwa maandishi madogo nalo ni faida kwa mzazi, maana ndege mmoja huitwa hivi Pemba na vingine Morogoro.

Jambo lisilo na mjadala: kitabu kinachomhimiza mtoto kuokota mbegu lazima kitaje za sumu. Mbegu za mbarika, yaani nyonyo, zina madoa mazuri, huota hata kwenye viwanja vya mtaani, na zikitafunwa zinaweza kuua. Kitabu cha mimea kinachozionyesha kama pambo bila onyo kisiingie nyumbani.

3. Hadithi ambamo bustani ina kazi

Kuna hadithi ambayo bustani ni pazia tu nyuma ya wahusika, na kuna ile ambayo kisa hakiendi bila mmea kukua. Nunua ya pili. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi: kichwani mwako geuza bustani iwe soko, hadithi ikibaki vilevile, bustani haikuwa na kazi. Dalili nzuri ni kitu kuharibika, kwa mfano kuku kuchakura miche au viwavi kutoboa sukuma wiki, kisha wahusika wakapata suluhisho linalowezekana, kama kuzungushia miiba au kuokota viwavi asubuhi.

Kwa vilivyotafsiriwa kutoka Ulaya, angalia kalenda. Kule mkulima husubiri joto. Huku tunasubiri mvua. Pwani na kaskazini kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ilhali Dodoma na Singida zina msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Kitabu cha misimu minne hakina ubaya kwa mtoto wa miaka 8 anayejifunza nchi nyingine. Kwa wa miaka 4 kinamvuruga.

4. Maisha ya Wangari Maathai

Vitabu kuhusu Mkenya huyu aliyeongoza wanawake kupanda miti vipo kadhaa, vingi kwa Kiingereza, vilivyotoka baada ya yeye kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Vinafaa miaka 6 hadi 9. Chagua kinachoonyesha kazi ya kitalu yenyewe: kukusanya mbegu, kuotesha miche, kuhamisha, kwa sababu hivyo ndivyo wanawake wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, walivyoanza mwaka 1977. Mama Miti, cha Donna Jo Napoli na mchoraji Kadir Nelson (2010), kina nguvu hapo: kila mwanamke anayemweleza Wangari shida yake anaelekezwa mti unaoifaa. Baadhi ya vitabu hivi vinaonyesha Wangari akipigwa na kufungwa, kwa hiyo kisome peke yako kwanza.

5. Wanyama wa mbugani

Simba, tembo na twiga wamejaa madukani na watoto wanawapenda. Viko chini kwenye orodha kwa sababu mtoto wa mjini hawezi kuwakagua. Nunua baada ya vile vya juu.

6. Stika, vya kukunjuka na vya kupaka rangi

Stika huisha siku moja, na vya kukunjuka huchanika kwenye mikunjo. Vinavyouzwa na pakiti ya mbegu viwekwe mbali na aliye chini ya miaka 3, maana mbegu humkaba koo.

Kwa walio chini ya miaka 3

Kurasa za kadi ngumu, kona za mviringo, kitu kimoja kila ukurasa: embe, jani, konokono.

Kabla ya kulipa

Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga. Picha ya upande wa pili ikionekana wazi, karatasi ni nyepesi, labda gramu 80 kwa mita ya mraba; ya rangi iwe 120 hadi 150. Fungua katikati kabisa. Kilichoshonwa kwa uzi hulala wazi na kudumu. Chenye pini mbili mgongoni kinatosha kwa kurasa 24 au 32. Kilichogandishwa kwa gundi pekee kitaanza kudondosha kurasa kikifunguliwa chini pembeni ya tuta, na kitabu cha bustani ni cha kufunguliwa chini. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nayo inasaidia: baada ya 978, tarakimu 9976 au 9987 ni za Tanzania na 9966 ni za Kenya, hivyo kuna matumaini ya kukuta mimea ya huku.

Bajeti ikiwa ndogo

African Storybook wana hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili mtandaoni, bure, na leseni zake huruhusu kuchapa kwa matumizi ya nyumbani na shuleni. Yapo madaraja matano ya usomaji. Kwa mtoto anayeanza chukua la kwanza au la pili. Kurasa 16 za ukubwa wa A5 zinahitaji karatasi 4 tu za A4 zilizochapwa pande zote mbili. Mwambie mwenye duka la steshenari achague kuchapa kama kijitabu, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitakuwa kichwa chini. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, la sivyo ongeza tupu mwishoni, na mtoto atachora humo mmea wake. Jalada liwe manila, pini mbili zipigwe kwenye mkunjo kutoka nje kwenda ndani. Pwani, vitabu hivi visimame rafuni vikiwa na nafasi ya hewa, mbali na ukuta wenye unyevu, kwani karatasi inayong'aa ikilowa hugandamana na ukurasa wa jirani, na kuubandua ni kuichana picha.