Fremu kuukuu ya keirin: uzoefu wangu Osaka

Bei kwanza, maana ndiyo inayoulizwa: yeni 70,000, fremu ya baiskeli na uma wake (unaoshika gurudumu la mbele) tu, bila magurudumu. Kwa chuma kilichokwisha kuanguka uwanjani si rahisi. Bomba la juu limebonyea pale usukani ulipoligonga, na rangi imechubuka upande mmoja. Lakini igeuze utazame chini, penye ekseli ya pedeli: muhuri wa NJS, yaani idhini rasmi ya vifaa vya keirin, umegongwa kwenye chuma chenyewe. Bila huo, haiingii mashindanoni.

Keirin ni mbio za baiskeli za kamari zilizoanza Kokura, Japani, mwaka 1948. Kwa kuwa watu wanaweka pesa zao, vifaa vinabanwa na sheria moja ili ashinde mtu, si baiskeli. Wanawake tangu 2012 wanatumia kaboni. Wanaume bado ni chuma, na nadhani hicho ndicho kinachowapa riziki mafundi wadogo, maana mkimbiaji hupimiwa fremu yake kama suti. Jina kubwa ni Yoshiaki Nagasawa, aliyejifunza Italia, kisha akamuundia fremu Koichi Nakano, bingwa wa dunia wa sprinti mara 10 mfululizo, 1977 hadi 1986. Yangu si ya Nagasawa. Bei yake siiwezi.

Ufundi uko kwenye viungo. Bomba limechomekwa ndani ya soketi, likaungwa kwa shaba iliyoyeyushwa, kisha kingo za soketi zikapigwa tupa hadi zikawa nyembamba kabisa. Pitisha ukucha, hauoni pa kukwama.

Kero sasa. Uma hauna tundu la breki, na sheria ya Japani inataka breki mbele na nyuma, kwa hiyo nimenunua uma mwingine, na breki ya nyuma nimeifunga kwa klempu. Nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 110, wakati habu (vitovu vya gurudumu) nyingi za uwanjani ni 120. Pima kabla hujatoa hela. Kerya na madgadi, hakuna pa kufunga. Friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimetulia, pia hakuna, kwa hiyo hata mteremkoni miguu haipumziki. Kichekesho ni kwamba Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli walioanza 1921 hapo jirani Sakai, mji wa wahunzi wa visu na bunduki, bidhaa yao ya kwanza ilikuwa friwili.

Eti fremu ya chuma hulainisha safari? Hii siyo. Kwenye barabara ya matofali mikono inakufa ganzi. Kwenye lami safi, ukisimama ukakanyaga, inachomoka papo hapo.

Nyota nne. Ya kwendea sokoni ninayo nyingine.